Mkutano wa Shule Tuliouendea Kama Posa

Magarama, Gitega
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakusalimu kutoka huku milimani, ambako asubuhi baridi inauma hadi ninalitamani lile blanketi lako zito la kambini. Goti lako linaendeleaje tangu mvua zianze? Maharage yameota vizuri, au kuku wa jirani wameyafukua tena? Na kaka Renovati, bado anapeleka ndizi mpakani Kobero kwa baiskeli, au amekusikia akapumzisha kifua chake? Sisi huku ni wazima, ila Evelina ana kidonda juu ya nyusi. Kinapona. Lakini kidonda hicho ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Barua hii nimempa rafiki wa Onezimo anayeendesha lori la kwenda mpakani. Atapita Giteranyi na kukukabidhi mkononi. Nakuomba uisome peke yako, polepole, kama ulivyofundishwa kule kambini Tanzania. Usimpe Renovati akusomee. Ningepiga simu, lakini simu yenu huwekwa sauti ya juu pale uani na majirani hunijibu kabla yako. Haya hayafai kujibiwa na majirani.

Niruhusu nianze na Onezimo, maana nikianza na mengine mkono utakataa. Mama, sikujua kuna mtu anaweza kufurahishwa hivi na mtu mwingine. Anaamka kabla yangu akawasha mkaa, na nikitoka chumbani nakuta maji yamepata moto. Ndala zangu anazigeuza zielekee mlangoni ili nisihangaike kuzitafuta kwa mguu. Kwenye kibanda chake cha vipuri vya baiskeli ananiita "keza wanje" mbele ya wateja, mrembo wangu, bila haya, hadi juzi mzee mmoja akamwambia, "Onezimo, unauza mnyororo au unaoa tena?" Naye akajibu, "Mzee, ukininunulia breki zote mbili nitaoa kesho, huyu huyu." Jumamosi tunatembea mitaa ya Magarama. Hatushikani mikono kwa kuwa watu wanatazama, lakini kidole chake kidogo hugusa changu tukipita mahali penye watu wengi, na mimi husahau tulikuwa tunakwenda kununua nini.

Ona, nimeanza tena. Furaha hiyo ndiyo iliyonipoteza, mama. Nilikuwa nimelewa harusi. Kila kitu nilikitazama kwa macho ya bibi harusi, hata kitu kilichohitaji macho ya dada.

Unakumbuka tulivyokubaliana: nikiolewa nakuja na Evelina huku, kwa sababu shule ya kwetu ilishamkataa, na Gitega kuna shule yenye mwalimu aliyesomea kufundisha watoto wanaochelewa kuelewa. Onezimo nilimwambia yote kabla ya posa. Nilimwambia kwamba mdogo wangu ana miaka tisa na bado hajui kusoma, na kwamba huanguka akatetemeka tangu ile homa ya utotoni. Alinisikiliza, akasema, "Nyumba ya watu wawili ina kona nne. Mbili ni zake." Nililia siku ile, nikajua huyu ndiye.

Wewe uliniambia, "Na wakwe zako waambie mapema, wasije wakaambiwa na mtaa." Nilikuitikia ndiyo mama. Sikuwaambia. Nilijua watu wanavyosema kuhusu kuanguka: kwamba kunaambukizwa kwa mate, kwamba kumo katika damu ya ukoo, na kwamba msichana wa ukoo huo atazaa watoto wa namna hiyo. Niliogopa mama mkwe angenitazama tumbo kwa jicho baya kabla halijaingia kitu.

Mwalimu wa shule hiyo anaitwa Beatrisi. Ni mama wa makamo, sauti yake ni ndogo, na huvaa sweta moja la kijani kila siku. Wiki moja baada ya ninyi kuja kunitoa ndani baada ya harusi, kwa sherehe ya kunifunua, alikuja nyumbani kwetu kututayarisha kwa mkutano wa Evelina. Alikaa kwenye kochi jipya na mikono yake magotini, akasema:

"Madamu, mkutano huu si wa kuwahukumu. Tunakaa shule na wazazi, tunapanga mwaka wa mutoto. Mi najua kufundisha, lakini Evelina simujui. Nyinyi ndio munamujua. Sasa mukae hapa nyumbani muzungumze kwanza: anapenda nini, nini kinamushinda, anaogopa nini, afya yake iko je, na mungetaka afike wapi mwisho wa mwaka. Mumulete na yeye mwenyewe. Na kama iko mutu anamujua kuliko nyinyi, mumulete pia."

Onezimo akageuka kunitazama. Alitegemea nitasema, "Yuko mama, Giteranyi."

Mama, hapa ndipo ninapoona aibu kuliko pengine pote. Nilikufikiria. Nilikuona unaingia katika ofisi ile ya sakafu inayong'aa na ndala zako zilizoshonwa kwa waya, ukikaa kwenye ncha ya kiti, ukisema "ninyi mmesoma" kila ukiulizwa neno. Nikajibu haraka, "Yuko mbali, mwalimu. Sisi tunatosha." Onezimo akainamia kikombe chake. Mwalimu naye akanywa chai yake, akaondoka.

Nimelitafakari sana jibu langu hilo. Mtu aliyembeba Evelina mgongoni kutoka kambini hadi kituo cha afya, mvua ikinyesha, mimi nilimficha kwa sababu ya ndala.

Basi tukajitayarisha. Lakini hatukukaa kuzungumza kama tulivyoambiwa. Mimi nilikuwa bado naisikia posa yangu masikioni. Unakumbuka Mzee Laurenti, baba mdogo wa Onezimo, alivyosimama uani kwetu akasema ndama wake amepotea na nyayo zimeingia boma lenu? Ulicheka hadi ukashika ubavu. Na mjomba alipoulizwa upande wetu kama binti anajua kupika, akajibu kwamba moshi wa jiko langu unaonekana mpaka Kabanga kule Tanzania, ingawa wewe na mimi tunajua nilivyounguza ule ugali. Hakuna aliyesema uongo siku ile, wala hakuna aliyesema kweli. Ndivyo posa inavyosemwa, na kila mtu aliyekaa pale alijua.

Wazo lilikuwa langu, mama. Nilimwambia Onezimo, "Mkutano na wakubwa hauendewi mikono mitupu. Twende na Mzee Laurenti atusemee." Onezimo alikuna kichwa. "Lakini mwalimu alisema tuzungumze sisi." Nikamwambia kwamba mwalimu ni mtu wa heshima, alisema vile ili asitutwishe mzigo. Ukweli ni kwamba nilitaka kukaa kando ya mume wangu nimevaa kitenge changu kipya, nitazamwe, mtu mwingine aseme.

Tulikwenda na kreti ya fanta. Nakuomba ulione jambo hilo kama lilivyokuwa: watu watatu na mtoto wakiingia shuleni asubuhi, mmoja amebeba kreti begani.

Walimu walikuwa wamepanga viti duara. Mzee Laurenti akavitazama, akavipanga upya: sisi huku, wao kule, njia katikati. Mkuu wa shule, mtu mpole mwenye miwani, alibaki amesimama ameshika kiti chake mwenyewe. Kisha mzee akakohoa, akaanza.

"Enyi wenye boma hili la elimu, tumefuata mwanga tukaona unatoka kwenu."

"Mzee, karibu ukae," akasema Mwalimu Beatrisi. "Hapa tunaongea tu, ni watu wa nyumbani."

"Nitakaa nikishajua nimekaribishwa na nani na kwa neno gani."

Wakamkaribisha kwa neno. Akakaa. Mkutano ukaanza, na kila swali lilijibiwa kama tuko uani Giteranyi. Mwalimu akauliza Evelina anapenda nini. Mzee akasema anapenda yote yaliyo mema. Akauliza hesabu amefikia wapi. Mzee akasema katika ukoo wetu hesabu haijamshinda mtu, hata ng'ombe wakiwa ndani ya ukungu tunawahesabu. Akauliza kama anakwenda chooni mwenyewe. Mzee akajivuta kidogo, akasema, "Mtoto wetu amelelewa katika nyumba yenye mlango." Mkuu wa shule akavua miwani akaifuta. Kiatu cha Onezimo kikagusa changu chini ya kiti, nikajua anajizuia asicheke, nami nikajizuia, na katika kujizuia huko nikajiona mtu mwenye bahati kuliko wote duniani.

Kisha Mwalimu Beatrisi akauliza taratibu, "Na afya? Iko ugonjwa wowote natakiwa kujua? Homa, degedege, kuanguka?"

Mzee Laurenti hakujibu mara moja. Alinigeukia. Msemaji mzuri akifikia swali asilolijua huwaangalia wenye habari, nao humpa ishara. Alinipa nafasi, mama. Siwezi kumlaumu kwa lolote. Mimi nikainamisha macho nikatabasamu lile tabasamu la bibi harusi mlilonifundisha, wewe na shangazi, la kutosema kitu mbele ya wakwe. Mzee akalichukua akalifanya jibu.

"Kwetu hakuna anayeanguka," akasema. "Miguu ya huyu ni mizizi."

"Madamu, nawe unasema je?" Mwalimu alinitazama mimi tu.

"Mzee amesema vyote," nikajibu.

Evelina alikuwa kando yangu akinywa fanta yake. Hakuna aliyemuuliza lolote.

Mkuu wa shule akasema kwamba kama mambo ni hayo, basi mtoto huyu hahitaji mpango wa peke yake, atakaa darasa la kawaida na wenzake. Tukapiga makofi. Mwalimu Beatrisi hakupiga. Njiani Mzee Laurenti alitembea mbele yetu, fimbo begani, akasema, "Nimewashinda."

Darasa lile lina watoto wengi kuliko madawati, na Evelina aliwekwa nyuma, ukutani. Mwalimu wake ni kijana aliyeanza kazi juzi. Evelina alikuwa akirudi nyumbani na daftari tupu. Nikimuuliza wamesoma nini, anasema, "Migongo." Nilicheka, mama. Nilidhani anatania. Sasa naelewa kwamba ndicho kitu pekee alichokuwa anakiona kutoka kule nyuma.

Na dawa. Ulinipa vidonge vyake ukanieleza asubuhi na jioni, bila kuruka. Nilivificha ndani ya sanduku langu chini ya nguo. Lakini asubuhi mama mkwe hupenda kupita kwetu kutoka sokoni, na siku akiwa ameketi jikoni nilishindwa kufungua sanduku. Nikawa najiambia atameza mchana. Mchana nampelekea Onezimo chakula, na nikifika kwenye kibanda chake nasahau kwamba kuna saa. Ndivyo ilivyokuwa. Sina namna nyingine ya kuliandika.

Alianguka darasani siku ya Jumatano. Mtoto wa jirani ndiye aliyekuja mbio kunishtua. Nilikimbia na ndala za nyumbani. Nilipofika nilikuta darasa zima liko nje, watoto wamejaa madirishani wakichungulia, na mwalimu kijana amesimama mlangoni, chaki mkononi. "Wameniambia nisimguse," akaniambia. "Mate yake." Ndani alikuwa Mwalimu Beatrisi peke yake, amepiga magoti. Alikuwa amemlaza Evelina ubavu, na lile sweta la kijani lilikuwa chini ya kichwa chake, lina damu. Evelina alikuwa amejigonga kwenye mguu wa dawati. Amejikojolea.

Mwalimu Beatrisi alikuja kutoka darasa la pili aliposikia kelele. Kabla hajafika, mama, Evelina alikuwa peke yake sakafuni, kati ya madawati matupu.

Alipofungua macho alitazama huku na huku, akauliza, "Wenzangu wako wapi?"

Mwalimu Beatrisi alimfuta uso kwa kitambaa chake, akaniambia bila kupaza sauti, "Madamu, mi nilikuuliza." Bora angenipiga.

Mtaa ukajua kabla hatujafika nyumbani. Wazazi wengine wamekwenda kwa mkuu wa shule kusema hawataki watoto wao wakae na mgonjwa. Mkuu amesema Evelina abaki nyumbani kwanza, na ameitisha mkutano wa pili, Alhamisi ya wiki ijayo. Siku hiyo ndiyo wataamua: ama tunapanga mwaka wake kama ulivyopaswa kupangwa, ama anarudi Giteranyi. Na Giteranyi, wewe unajua, hakuna shule inayomngoja.

Tulikwenda kwa Mzee Laurenti kumwomba radhi. Alikuwa anachonga mpini wa jembe, hakuacha kuchonga.

"Msemaji husema alichopewa," akasema. "Mlinipa nini?"

Onezimo akasema, "Kosa ni letu, baba."

"La nani? Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Na huyu akainama." Akanielekezea mpini. "Nikamwona anainama, nikadhani ni heshima."

Mama mkwe naye hakukanyaga kwetu tangu Jumatano ile mpaka leo. Alinikuta kisimani, akanipa njia kama anayempisha mgeni. Alisema kitu kimoja tu, na wanawake wote wakasikia: "Mficha uchi hazai, Goreti, nawe harusi yako haijapoa." Nilibeba ndoo yangu nikaondoka na maji nusu.

Onezimo hajanilaumu. Hilo nalo linanitesa. Ananiambia, "Tulikuwa wawili kwenye viti vile," na anageuza ndala zangu kama kawaida, nami nazivaa nikiwa sistahili. Tangu siku ile dawa zinakaa mezani, kando ya chumvi, na ni yeye au mimi, asubuhi na jioni, yeyote atakayekuwa jikoni.

Mwalimu Beatrisi amerudi kututayarisha upya. Nilidhani hatarudi. Alisema kosa letu wazazi wengi hulifanya kwa namna yao: wengine hunyamaza, wengine hutoa shukrani tu, wengine hulia hadi muda unaisha. Akasema mzazi si mgeni katika mkutano huo. Nusu ya habari ni yake, na asipoileta shule inapanga kwa nusu. Akatuambia tujizoeze kusema kwa mdomo wetu wenyewe, hapa nyumbani, mpaka maneno yazoee kutoka.

Kwa hiyo leo baada ya ibada tumejizoeza. Onezimo alivaa tai yake ya harusi juu ya shati la kazi, akakaa juu ya kreti, akawa mkuu wa shule.

"Madamu, tueleze kuhusu mtoto."

"Mkuu wa shule, kwanza kabisa tunawashukuru kwa moyo wenu, na kwa jinsi mlivyo..."

Akafumba macho akakoroma.

"Onezimo."

"Shule inafungwa saa kumi, Madamu. Mtoto."

Nikaanza tena. Nikajikuta namsifu Evelina, kwamba ni mpole, ana heshima. Akakoroma tena. Nikaanza mara nyingine, nikashindwa, nikakaa chini nikacheka na kulia pamoja. Akashuka kwenye kreti akakaa nami sakafuni, tai na yote. "Sema kwangu kwanza," akasema. "Mimi si mkuu, mimi nauza mnyororo."

Nikasema. "Evelina anaanguka. Nilijua, nikaficha. Dawa zake nikaziruka. Anayemjua ni mama yangu, nami sikumleta kwa sababu nilimwonea aibu."

Nilipoinua kichwa, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na kapu la viazi vitamu kichwani. Sijui alikuwa pale tangu lini.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Onezimo alitaka kusimama, nikamshika suruali. Nilirudia yote, hadi lile la aibu. Mama mkwe akateremsha kapu, akakaa, akatazama mlango wa chumba alimolala Evelina.

"Akianguka, unamshika wapi?"

Nikafungua mdomo. Mama, sikujua. Maisha yangu yote Evelina akianguka nimefanya jambo moja tu: nimekimbia kukuita. Sijui unamshika wapi, sijui unamwambia nini, sijui unajuaje kabla hajaanguka kwamba ataanguka.

"Na wewe ni dada," akasema mama mkwe. Kisha, "Mama yako aje. La kunificha nitalizungumza na yeye, tukikaa wawili. Lakini aje, aseme huko shuleni, na mimi nitakuwepo nisikie, maana ninyi mkiwa kibandani mtoto huyu atakuwa kwangu." Aliacha viazi. Hakula kwetu. Hajanisamehe, nami sitaki uje ukidhani amenisamehe.

Kwa hiyo, mama, nakuomba uje. Usihangaike na nauli, yule dereva anayo na atakupandisha basi mwenyewe hapo Muyinga mjini. Fika Jumatano, siku moja kabla ya mkutano. Onezimo atakungoja stendi tangu asubuhi.

Najua unachokiogopa. Siku ile shule ya kwetu walipokuambia Evelina hafai kufundishwa, ulisimama mlangoni ukawaambia asante. Tukarudi nyumbani, ukapalilia hadi jua likazama. Mama, huku usiseme asante kabla hujasikia wanasema nini. Wakiongea Kifaransa, waambie waseme Kirundi au Kiswahili. Mwalimu Beatrisi amesema ni haki yako na hakuna atakayekasirika. Wakikuletea karatasi, isomwe yote kwa sauti, na lile usilolielewa lirudiwe, hata kama mkuu anatazama saa. Viti vitakuwa duara. Kaa katikati yao. Uje na ndala zako.

Useme yale unayoyajua wewe tu. Kwamba kabla hajaanguka husema jiko linaungua wakati jiko limezima, na huvuta sikio lake. Kwamba akizinduka lazima alale, na akilazimishwa kusoma hapo atalia. Kwamba ukimwita kutoka nyuma hushtuka, bora uende mbele yake aone uso. Kwamba hajui kusema mbuzi ni wangapi lakini hajawahi kurudi na mbuzi pungufu, maana anawajua kwa sura mmoja mmoja. Mwalimu alipolisikia hili la mbuzi kutoka kwangu, aliinua kichwa haraka, akasema, "Hapo ndipo nitaanzia." Wiki zote zile tulikuwa nalo, tukawapa ng'ombe wa ukungu.

Na mimi nitasema langu, mbele ya mkuu, mbele ya wale wazazi, mbele ya Mzee Laurenti kama atakubali kuja. Nitasema kabla yako, ili wewe usikae na aibu isiyo yako.

Nisalimie kaka Renovati, na umwambie naomba radhi kwa kumnyima barua hii, wewe utamwambia unachotaka. Nisalimie shangazi aliyenifunua, na mjomba msemaji wetu, na bibi wa jirani mwenye kuku. Mchungaji naye umwombe atukumbuke Alhamisi. Mkweo Onezimo anakupigia magoti, kweli, nimemwona sasa hivi akijizoeza.

Evelina amekaa hapa kando yangu anatazama kalamu inavyokwenda. Mwalimu amesema na yeye ataulizwa siku hiyo, kwa hiyo nimemuuliza mapema, angependa kuwaambia nini watu wa mkutano. Amesema, "Nikianguka, wasikimbie." Nikamuuliza wafanye nini basi. Akasema, "Wakae."

Ni mimi mwanao anayekuonea haya na kukupenda,

Goreti